Ukija Iowa, barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Des Moines, mji wa jimbo la Iowa, huku Marekani. Juzi kwenye simu ulicheka ukasema Iowa ni mahindi tu. Mahindi yapo, sikatai, tena Julai utakapofika yatakuwa yamenizidi kimo. Lakini baiskeli yako nimeshaipata, na sitakubali ushinde ndani na simu.

Huko Kigoma umezoea baiskeli ya kazi: mkungu wa ndizi kwenye keria, na mwenyewe anasukuma kilimani huku jasho linamtoka. Huku utaona wazee wenye mvi wanaendesha bila mzigo wowote, wanakwenda na kurudi tu. Mwanzoni niliona ni mambo ya watu waliokosa shughuli. Siku hizi Jumamosi usinitafute nyumbani.

Tutaanzia mjini, Gray's Lake. Njia inazunguka ziwa, kama kilomita tatu, tambarare kabisa, na sehemu moja inapita juu ya maji kwa daraja. Hapo utazoea gia, na zaidi utazoea kukaa kulia. Ukitaka kumpita mtu, unapita kushoto kwake, na kengele unaipiga mapema, siyo ukishamfika mgongoni. Baadaye tutaufuata mto Des Moines kuelekea kaskazini, njia ya Neal Smith, hadi bwawa la Saylorville. Njia ile iko bondeni, mto ukifurika inafungwa, kwa hiyo siku ya kwenda sikuahidi.

Ninakotamani hasa kukupeleka ni njia ya baiskeli ya High Trestle. Ni kilomita 40 hivi, kutoka Ankeny hadi Woodward, kupitia Sheldahl, Slater na Madrid. Usiuogope urefu huo. Zamani ilikuwa reli, na treni ya mizigo haiwezi mlima mkali, kwa hiyo waliojenga walichimba vilima na kujaza mabonde. Sisi tunafaidi jasho lao. Kati ya Madrid na Woodward njia inavuka mto Des Moines juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2011: karibu mita 800 kwa urefu, na toka ulipo hadi chini ni kama mita 40. Juu yake wamesimamisha fremu za chuma, kila moja imeinama kivyake, maana eneo hili lilikuwa na migodi ya makaa ya mawe, na ukipita katikati unakuwa kama unachungulia ndani ya shimo la mgodi. Giza likiingia zinawaka taa za buluu. Tutalenga kufika jua likizama. Ukitaka kutazama chini, shauri yako.

Upepo wa huku ndio mlima wetu. Asubuhi tutaangalia unatokea wapi, tuanze kwa kupambana nao, ili wakati wa kurudi utusukume.

Mwisho wa Julai utasikia habari za RAGBRAI, msafara wa baiskeli wa kila mwaka. Tangu mwaka 1973 maelfu ya watu wanavuka jimbo zima kwa baiskeli: wanalowesha gurudumu la nyuma mto Missouri, magharibi, na wakimaliza wanalowesha la mbele mto Mississippi, mashariki. Mwaka huu tutawapungia mkono tu, mama, usianze kunibembeleza.

Kofia ngumu na taa ninazo. Wewe lete viatu vya raba, siyo kandambili, na unitumie kipimo cha mguu wako toka nyonga hadi kisigino nirekebishe kiti kabla hujafika.

Baba yako