Barua kwa Msimamizi Mpya wa Wodi

Morogoro,
12 Mei 2024.

Mpendwa rafiki yangu Zuhura,

Pokea salamu zangu na za watoto. Nimefurahi kusikia kwamba umekabidhiwa usimamizi wa wodi, na kwa kuwa umeniuliza uanzie wapi na wauguzi uliowakuta wamekata tamaa, nitakujibu kwa yale yaliyonipata mwenyewe.

Unaikumbuka hospitali niliyoanzia kazi. Ratiba ya zamu ilibandikwa jioni ya kuamkia siku yenyewe, nami wakati huo nilikuwa nanyonyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi, lakini hakuna kati yetu aliyethubutu kuuomba. Usiku mmoja nilichelewa kumpa mgonjwa dawa yake, na badala ya kutoa taarifa nilinyamaza, kwa kuwa niliyajua maneno ambayo ningeambiwa mbele ya wenzangu. Mgonjwa hakudhurika, namshukuru Mungu, ila ukimya ule unaniuma hadi leo kuliko uchovu wenyewe.

Baadaye alikuja metroni mwingine. Wagonjwa hawakupungua wala mshahara haukuongezeka, lakini ratiba ilianza kutoka wiki mbili kabla, yeye mwenyewe alihudhuria makabidhiano ya zamu, na kosa lilipotokea aliuliza kwanza usiku huo wodi ilikuwa na wauguzi wangapi. Tukaanza kuyaandika makosa yetu katika daftari la ripoti, hata yale madogo ambayo hakuna aliyeyaona, na dawa zikawa zinatolewa kwa wakati.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Eisenberger, na wenzake walieleza kwamba mfanyakazi hujijengea imani kuhusu jinsi mwajiri anavyothamini mchango wake na kujali hali yake, na kwamba anayeamini kuwa anathaminiwa na kujaliwa hukosa kazini mara chache zaidi. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo: ruhusa za ugonjwa za siku mojamoja zilipungua bila mtu yeyote kukaripiwa.

Cheti cha mfanyakazi bora si kibaya, Zuhura, lakini kisitangulie. Anza na ratiba. Nitumie ya mwezi ujao kabla hujaibandika, tuitazame pamoja, hasa zamu za usiku za wale wenye watoto wachanga.

Rafiki yako akupendaye,
Neema