Risala ya klabu ya mazingira kwa mgeni wetu wa heshima, Nakuru

Mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo. Karibu sana mama, asante kwa kuacha kazi zako kwa ofisi ya mazingira ukaja kutusikiza.

Muhula huu tumesoma sana juu ya maji machafu ya visima vya mafuta. Mafuta yakitoka chini hutoka na maji, na hayo maji mara nyingi yana chumvi kushinda ya bahari na madini yenye sumu, huwezi mwagilia sukuma wiki wala kunyweshea ng'ombe. Kwa hivyo kampuni hutumia kisima kingine kuyasukuma yarudi chini kabisa, mbali na maji tunayochota. Kisima kikijengwa vizuri ni sawa, lakini kikivuja mwenye boholi ndiye anaumia, na anaweza kunywa hayo maji muda mrefu kabla ajue.

Marekani wana sheria ya maji ya kunywa tangu 1974 na visima vipya vya aina hii lazima vipate kibali. Pale ambapo EPA, shirika lao la mazingira, ndilo linatoa kibali, lazima kwanza litangaze kikiwa bado rasimu, watu wapewe angalau siku 30 za kutoa maoni, na tangazo liseme nani anaomba, kisima kiko wapi, makaratasi yanasomewa wapi na mtu akitaka kikao cha hadhara anakiomba aje. Hapo kwa rasimu ndio tulipenda sana, manake mwananchi anaulizwa mapema, sio kuitwa kuonyeshwa kitu kimeshaamuliwa.

Mama, Nakuru haina mafuta lakini mambo haya yanatuhusu. Mafuta ya Lokichar, kule Turkana, yalipoanza kupelekwa Mombasa 2018 malori yalipitia hapa hapa, na kule Olkaria wanakotengeneza stima kwa mvuke wa ardhini, maji moto yanayotoka na mvuke hurudishwa chini kwa visima, sio maji ya mafuta lakini kazi inafanana. Na sheria tunayo. Kanuni za 2003 za kukagua athari kwa mazingira zinataka mabango, tangazo kwa gazeti la nchi nzima wiki mbili mfululizo, redio kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji, na mikutano isiyopungua 3 na watu watakaoguswa na mradi.

Shida yetu ni hilo gazeti. Mfugaji wa Turkana hanunui gazeti, hata hapa Subukia na Rongai wengi hawanunui, na ukilipata tangazo lenyewe ni Kiingereza kigumu hata sisi wa fomu foo tulilisoma mara mbili mbili.

Tunakuomba mama, notisi zibandikwe kwa chifu, kwa zahanati, kwa posho mill na pale watu huchota maji, zisomwe kanisani na msikitini, na makaratasi yawekwe kwa ofisi ya wadi sio Nairobi peke yake. Tena maji ya boholi za majirani yapimwe kabla mradi uanze, ndio yakibadilika baadaye mtu awe na kitu cha kuonyesha. Klabu yetu iko tayari kutafsiri na kubandika, mtutumie tu notisi mapema siku zikiwa bado hazijaisha.

Asante sana. Ni sisi, wanachama wa klabu ya mazingira.