Barua ya wazi kwa mpwa wangu: kwa nini siandiki upya

Mpwa wangu mpendwa,

Siku ile uliponikuta nimeinamia programu ya michoro ya miaka ya 1980, uliniuliza kwa nini najisumbua kuihamishia kwenye kompyuta ya leo mstari kwa mstari, ilhali picha ileile ningeipata kwa dakika chache kwa lugha ya kisasa. Nilikujibu kwa mkato, na jibu lenyewe halikuniridhisha hata mimi, ndiyo maana nakuandikia.

Programu ile iliandikwa kwa BASIC, lugha ya kuandikia programu iliyoanza mwaka 1964 katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, ambako John Kemeny na Thomas Kurtz walitaka hata wanafunzi wasio wa sayansi waweze kuitumia kompyuta. Kompyuta za nyumbani zilipoenea, kila mtengenezaji aliichukua akaikata kwa kipimo cha mashine yake, na hakuna mahali ambapo tofauti hizo huuma kama kwenye michoro. ZX Spectrum na BBC Micro, kompyuta mbili za nyumbani za miaka hiyo ya 1980, zote zina amri ya DRAW, ya kuchora mstari. Kwenye Spectrum, namba zinazoifuata ni hatua za kuhesabiwa kuanzia nukta iliyochorwa mwisho, lakini kwenye BBC Micro kwa kawaida ni anwani ya mahali pa kufikia. Usipolijua hilo, programu itaendeshwa bila kulalamika na kukuletea utando wa buibui.

Mimi mwenyewe nilinaswa na jambo dogo kuliko hilo. Nilikuwa naihamisha programu ile, ya Spectrum, kwenda QB64, BASIC ya kompyuta za leo. Eneo la kuchorea la Spectrum lina nukta 256 kwa 176, na sifuri yake iko chini kushoto. QB64 huanza kuhesabu juu kushoto. Kwa hiyo kila kimo lazima kipinduliwe kwa kukitoa katika 175, nami nikafanya hivyo kila mahali kwa furaha ya mtu aliyepata ufunguo. Mstari mmoja wa programu ya asili ulisema PLOT 40,20: DRAW 0,30, yaani weka nukta hapa, kisha chora ukipanda nukta 30. PLOT ikawa PSET (40,155), amri ya QB64 ya kuweka nukta, sawasawa. DRAW nikaifanya LINE -STEP(0,145), yaani chora mstari kwa hatua kutoka ulipo, na mstari uliopaswa kupanda ukazama hadi nje ya skrini. Jioni nzima ilipita kabla sijaelewa kwamba mahali hutolewa katika 175, lakini hatua hubadilishwa alama tu: LINE -STEP(0,-30).

Sasa nije kwenye swali lako. Programu yenyewe ilikuwa inachora umbo la kofia pana, safu baada ya safu, kuanzia ya mbali hadi ya karibu. Sehemu za nyuma zilizozibwa na kilele hazionekani, nami nilitafuta hesabu ya kuzificha nisiione. Haikuwepo. Kila nukta ilipowekwa, mwandishi alivuta mstari wa rangi ya mandharinyuma kutoka chini yake hadi ukingo wa skrini, ukafuta chochote cha safu za nyuma kilichokuwa hapo. Kwenye mashine yenye kilobaiti 48 tu, skrini yenyewe ndiyo iliyokuwa kumbukumbu yake. Ningeandika upya ningetumia mbinu niliyoizoea, na ujanja huo usingenipitia mbele ya macho hata siku moja.

Hilo ndilo linalonifanya niwe mgumu kuhusu marekebisho. Hubadilisha jambo moja, huendesha, hulinganisha na picha ya zamani, ndipo huendelea. Rangi nimeziongeza, kwa kuwa Spectrum iliruhusu rangi mbili tu ndani ya kila mraba wa nukta 8 kwa 8, na nina hakika kwamba mwandishi alichora kwa rangi moja kwa kukwepa madoa, si kwa kupenda. Nikakipaka kila kimo rangi yake, na kofia ikapendeza kweli.

Kasi ndiyo iliyonishinda kuamua. Zamani kofia ilijengeka taratibu mbele ya mtazamaji, na ufutaji ule ukionekana ukifanya kazi. Leo picha hutokea mara moja, kana kwamba imebandikwa. Nimeweka _LIMIT 60, amri ya QB64 ya kupunguza kasi, ndani ya kitanzi cha nje, yaani sehemu ya programu inayorudiwa kwa kila safu, ili zitoke safu zisizozidi 60 kwa sekunde, lakini bado naona ni haraka mno. Nikiihamishia kitanzi cha ndani, kila nukta itasubiri zamu yake, na mchoro utachukua dakika nyingi kama ulivyokuwa. Faili nimekutumia ikiwa na amri hiyo katika kitanzi cha nje. Isogeze ndani, uketi utazame hadi mwisho, kisha uniambie ibaki wapi.

Mjomba wako