Tuutambue mpingo kabla ya kuufyeka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazindue wakulima wenzangu wa mikoa ya kusini mwa Tanzania ambao, msimu wa kuandaa mashamba unapofika, hufyeka mipingo michanga pamoja na vichaka vingine kwa kuidhani ni miiba isiyo na faida. Mpingo mchanga hauonyeshi ule weusi tunaoujua kwenye vinyago: gome lake ni la kijivu, mbao ya nje ni nyeupe inayoelekea manjano, na kiini cheusi hukua ndani polepole mno.

Mti unaofanana nao kwa miiba ni mkulagembe, maana miiba ya yote miwili ni vitawi vifupi vilivyogeuka kuwa ncha kali, tofauti na migunga mingi ambayo miiba yake huota miwili miwili. Anayetaka uhakika na atazame majani. Ya mkulagembe yamegawanyika vipande vidogo sana mfano wa unyoya, ilhali ya mpingo ni mapana zaidi, ya mviringo, yamepangwa kwa kupishana kwenye kikonyo kimoja. Maua ya mpingo ni madogo, meupe na yenye harufu nzuri. Ya mkulagembe yana rangi mbili, zambarau hafifu na manjano. Ganda la mbegu za mpingo ni bapa na jembamba, lenye mbegu moja au mbili, wakati maganda ya mkulagembe hujikunja na kusongamana.

Wazee wetu walichonga michi, bakora, vitana na mipini kwa kiini cha mpingo, ambacho ni kizito hata huzama majini na mchwa hawakiwezi. Mizizi yake ilichemshwa kuwa dawa ya tumbo. Wamakonde waliupa sifa duniani kwa vinyago vyao, na huko Ulaya hutumika kutengenezea klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza. Tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Wilayani Kilwa, vijiji vilivyotunza misitu yao vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kuwa msitu unasimamiwa vizuri, na vimeuza mpingo kwa manufaa yao wenyewe.

Mti huu hukadiriwa kuhitaji miaka 70 hadi 100 ili ufae kuvunwa, kwa hiyo panga moja la leo linamnyima mjukuu, si mwenye shamba. Tena hauharibu shamba, kwani mizizi yake huongeza naitrojeni, kirutubisho cha mimea, kwenye udongo. Nawaomba maofisa ugani wapeleke matawi ya mpingo na ya mkulagembe kwenye mikutano ya vijiji kabla ya msimu wa kufyeka, watu wayashike na kuyalinganisha, na wakulima waizungushie mipingo yao michanga njia ya kuzuia moto, kwa maana shina lililoungua mara kwa mara huoza kiini na kubaki na tundu.

Msomaji wako,
Lindi