Barua kwa mwanangu: mashine yako ya polisi inajua mno

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Rasimu ya hadithi yako nimeisoma yote. Lugha imekaa, na Tanga yako ni Tanga kweli, baiskeli zimo, Raskazone imo. Ila hiyo mashine inayomtaja mwizi kabla hajaiba umeipa elimu ya Mungu, na hapo ndipo hadithi inapolegea.

Mashine za namna hiyo zipo, na chakula chake ni daftari la polisi. PredPol, programu ya kompyuta iliyotumiwa na polisi wa Los Angeles mpaka 2020, ilitaka mambo matatu tu: kosa gani, wapi, lini. Ramani ilikatwa miraba ya kama mita 150 kwa 150, doria ikaambiwa ipite mraba gani. Jina la mtu halimo. Msingi wake hata mlinzi wa usiku anaujua: nyumba ikivunjwa leo, yenyewe na jirani zake huwa hatarini zaidi kwa muda mfupi unaofuata.

Sasa ilete kwetu. Tuseme mitaa miwili, mmoja Ngamiani, mwingine pembezoni mwa mji, na kila mmoja huibiwa baiskeli 10 kwa mwezi. Ngamiani kituo kiko karibu, watu 6 wanakwenda kuchukua RB, namba ya taarifa ya polisi. Pembezoni wanakwenda 3, wengine wanamalizana kwa mwenyekiti wa mtaa. Mashine inaona 6 kwa 3, inapeleka doria Ngamiani. Askari wakiwa hapohapo wanaandika na kesi 3 ambazo zisingefika kituoni, mwezi wa pili inakuwa 9 kwa 3, basi doria inaongezwa. Wezi ni walewale, baiskeli ni zilezile 10. Kilichoongezeka ni wino. Wewe umelipitia hili kwa sentensi moja, nami naona linastahili sura nzima, kwa sababu hakuna mtu mbaya ndani yake. Kila askari kafanya kazi yake.

Ukitaka lazima itaje majina, piga hesabu kwanza. Watu wazima 100,000, watakaoiba mwaka huu 100. Mashine iwe hodari, ikosee mara 1 tu katika kila 100. Itawanasa wezi 99, pamoja na watu 999 wasio na hatia. Maana yake, kila ukikamata 11 katika orodha hiyo, 10 umewaonea. Polisi wa Chicago walikuwa na orodha yao, kila mtu na alama ya hatari 0 mpaka 500, wakaiacha 2019. Humo hata kuwahi kupigwa risasi, yaani kuwa mhanga, kulikupandishia alama.

Kombo wako, huyo anayetajwa na mashine, anauliza kama ana hiari. Swali zuri, ila umemwachia aliulize hewani. Mjadala wa kadari muachie ustadhi wa sura ya kwanza. Anachokijua Mungu hakibandikwi ukutani kituo cha Chumbageni. Utabiri wa polisi una wasomaji, na msomaji akishausoma, mambo yanageuka. Mwandishi Philip K. Dick aliijenga hadithi yake The Minority Report ya 1956 juu ya hilo: watabiri watatu, na ripoti ya pili inapingana na ya kwanza kwa kuwa mtuhumiwa ameshaisoma ile ya kwanza.

Kwa hiyo amua: karatasi inafika kwa nani kwanza, saa ngapi kabla ya tukio, na Kombo anaambiwa au haambiwi? Asipoambiwa, akakamatwa saa nne usiku kwa wizi wa saa sita, hakuna tena njia ya kujua kama mashine ilisema kweli, maana kumkamata kumeufuta ushahidi. Akiambiwa, anaweza kujifungia ndani makusudi, au akaenda kuiba kwa hasira. Mimi ningechagua la hasira.

La mwisho ni mahakama. Umemfikisha Kombo kwa hakimu kana kwamba ni jambo jepesi. Kwa Kanuni ya Adhabu yetu hata kosa la kujaribu linataka kitendo cha dhahiri, sasa huyu kafanya kitendo gani? Kabla hujaendelea na sura ya tano, kaa uiandike hati yake ya mashtaka. Ukikwama kwenye maelezo ya kosa, usifute. Mpe wakili wake aanzie hapo.

Baba yako