Barua kwa mdogo wangu aliyesema Mungu kamsahau

Mdogo wangu,

Ile voisi yako ya saa nane usiku nimeisikiza mara tatu. Ya kwanza nlikuwa kitandani, ya pili kwa matatu pale Makupa foleni haisongi, ya tatu nimekaa nje hapa Mikindani, Mombasa, peke yangu taa zimepotea. Sikukujibu manake nikianza kukuandikia kwa WhatsApp najua ntaishia na "jipe moyo, Mungu yupo", na wewe ushachoka na hizo jipe moyo, miaka mitatu toka umalize kozi kila mtu wa ukoo wetu akupa moyo na hakuna hata mmoja akupaye kazi. Ndo nkaona bora niandike hapa, jina lako silitaji, wewe wajijua, na kama kuna mwengine hali yake ni kama yako basi naye asome tu hakuna shida.

Ulisema Mungu kakusahau. Halafu hapo hapo ukaanza kuomba msamaha ati umekufuru, na mimi nataka kuanzia kwa huo msamaha manake hukukosea popote. Fungua Zaburi ya 13, yaanza hivi, "Ee Bwana, hata lini utanisahau", na hapo hajamaliza, hesabu mwenyewe, hizo aya mbili za kwanza "hata lini" iko mara nne. Mara nne! Ni kama mtu aliye kwa dirisha la ofisi agonga na hafunguliwi. Na hiyo Zaburi haikutolewa kwa Biblia, watu waliisoma wakaiimba karne na karne, kwa hivyo wewe na hiyo voisi yako ya kulia hamko nje ya imani, mko ndani kabisa.

Zaburi hii nlipewa na nyanya, na nlipewa wakati mbaya. Wakumbuka 2019 vile mambo yalikuwa hapa kwetu, mzigo wa bandarini ulipoamriwa upakiwe treni moja kwa moja hadi bara, yadi za Changamwe na Miritini zikakauka, madereva, matanboi, wapakuzi, mama wauza chai, wote chali. Mimi nlikuwa karani kwa watu wa kliaringi, wale watoao mizigo ya watu bandarini, miaka tisa. Tuliitwa Ijumaa, Jumatatu hatukurudi. Nyumbani watoto wawili, kodi, mke wangu mimba ya miezi sita.

Hapo ndo nkageuka mtu wa maombi ya fujo. Wajua yale maombi ya kumkaba Mungu shati? Kesha kila Ijumaa, kufunga siku tatu, na kuna mhubiri mmoja (simtaji) alisema nipande mbegu ya elfu tano na mlango utafunguka kabla mwezi kuisha. Elfu tano nlikopa kwa simu! Mwezi ukaisha, mlango ukabaki vile vile, kilichofunguka ni deni tu na riba juu yake. Sisemi sadaka ni mbaya, mimi natoa hadi leo, lakini yule alinifunza kumngoja Mungu kama mtu angojaye mesiji ya M-Pesa, na ukimngoja hivyo huwezi kulala.

Kweli sikulala. Nlikuwa naamka saa tisa kupiga hesabu ambayo nshaipiga jana na juzi na jibu halijabadilika. Wewe hukufanya kazi ya bandari lakini hili utalielewa, kontena ikishushwa yapewa siku chache za bure, zikipita storeji yaanza kuhesabiwa, kila siku pesa, na mzigo wenyewe hausongi hata inchi moja, umekaa pale pale kwa jua. Nliona makontena ambayo storeji ilipita bei ya bidhaa zilizo ndani, mwenyewe akaacha akaenda zake. Usiku mmoja nkajiona mimi ndo hiyo kontena. Shida ilikuwa moja, kazi imeisha, hiyo ingeweza kubebeka, lakini kila usiku nlikuwa naiongezea malipo mapya kwa kichwa changu mwenyewe. Ilifika mahali wasiwasi ulinigharimu kuliko ule ukosefu wa kazi.

Nkaenda Rabai kwa nyanya nikijidanganya naenda kumuona, kumbe naenda kulia. Hakuniombea. Alinipa muhogo na nazi, nkala, akasema nisome hiyo Zaburi polepole, kisha nisiongeze neno, ninyamaze. Ati kwa muda gani? Akasema mpaka chai ichemke. Jiko lenyewe ni la kuni, na kuni zilikuwa mbichi haha.

Halafu akaanza habari zake za Mringe, na najua wewe pia umezisikia ukiwa mdogo ukasinzia. Sisi watu wa Rabai tumekuzwa na habari za Krapf na Rebmann, wale wamishonari wa zamani, kama vile ni majirani. Krapf kafika Mombasa 1844, mwezi wa saba mwaka huo huo mkewe akafa kwa homa siku chache baada ya kujifungua, na katoto nako kakafuata. Rebmann akaja 1846 na akakaa mpaka 1875, miaka ishirini na tisa, akarudi kwao Ujerumani macho yakaribia kuzima na mwaka uliofuata akafa. Miaka yote hiyo walioamini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Hata alipoandika kwamba ameona theluji Kilimanjaro kuna wasomi wa Ulaya waliokataa kata kata. Sisemi walikuwa malaika, wazungu wale walikuwa na yao pia, lakini kukaa, walikaa.

Ila nyanya hao wala hawamshughulishi. Yeye ampenda Mringe, yule mtu wa kwanza waliyembatiza, mtu aliyelemaa, maskini wa kwetu tu, na alibatizwa akiwa karibu kufa. Nyanya akasema, "Ona, hakupona. Na hakusema ameonewa." Kisha akaenda kuangalia chai yake. Nlikaa pale kwa mkeka nkaona kumbe miezi minane nimemwambia Mungu nipe kazi nitulie, na hakuna siku nliyomwambia nitulize. Nlidhani kutulia ni risiti, yaja baada ya kupokea mzigo.

Paulo yuasema kwa Wafilipi 4 kwamba amani ya Mungu itawahifadhi mioyo yenu, na hiyo "itawahifadhi" kwa Kigiriki alichoandika ni neno la askari, kikosi kinacholinda mji. Na aliiandika akiwa mfungwa! Askari alikuwa awaona kila siku, wamlinda asitoke. Kwa hivyo mimi sai nikisoma hapo sioni mtu ametabasamu kwa kiti cha raha, naona lango, askari kasimama, na wasiwasi zaja usiku ule ule wa saa tisa, zabisha, hazipiti. Kubisha zabisha bado. Sikudanganyi kwa hilo.

Wataka kujua nafanya nini hasa, manake uliniuliza "sasa nifanyeje", ni vitu vidogo hata naona haya kuviandika. Asubuhi kabla ya simu nasoma Zaburi moja, nanyamaza kiasi cha chai kuchemka (ya gesi, si ya kuni). Shida ya leo naitaja kwa jina lake, kodi, karo, yule jamaa anidaiye. Ya wiki ijayo siitaji, naiacha. Jumapili naenda kanisani hata nikiwa sina sadaka, zamani nlikuwa najificha. Jirani yangu mama Mwislamu, ndo tununuako mahamri na mbaazi, siku moja nlimwambia biashara imelala akanijibu Mungu yu pamoja na wenye kusubiri, akanifungia mahamri mawili ya juu, akasema "subira si kukaa bure baba, mimi nasubiri huku nakanda unga". Nlicheka lakini nimelibeba hilo kuliko mahubiri mengi.

Na kama usingizi umekataa kabisa, ama hayo mawazo yakifika pale pa kutaka kujidhuru, nenda hospitali uone daktari, na unipigie mimi saa yoyote. Kuombewa na kutibiwa havigombani, wewe mwenyewe umesomea uuguzi wajua.

Hali yangu sai waijua, ile kazi ya kliaringi haikurudi. Naendesha tuktuk ya mtu, kuna siku natoa hesabu ya mwenyewe na kubaki na mafuta tu, kuna siku hata hesabu haitimii. Barua za kazi bado natuma, na zako usiache kutuma, hata hiyo ya kaunti uliyosema ni bure ipeleke. Lakini usiku nalala, shemeji yako atakwambia, hata nakoroma.

Jumamosi hii twaenda Rabai na watoto. Tutapanda za Mazeras asubuhi mapema halafu boda. Huna haja ya kujieleza kwa nyanya wala kujipamba, njoo na leso yako tu na hiyo Zaburi. Niambie kabla ya Ijumaa jioni kama waja ili nimpigie aongeze muhogo, wamjua akikosa kujua idadi ya watu hukasirika siku nzima.

Ni mimi kakako, Mikindani.