Mjomba, ule mkorosho wa mpakani

Mjomba, shikamoo.

Simu zangu hupokei, ila binti yako anapita humu, atakusomea. Nasikia kafaulu, anataka EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati, nawe umesema jiografia imeshaleta balaa moja kwenye ukoo, inatosha.

Balaa ni mimi. Sawa.

Lakini nani aliniingiza huko? Si wewe uliyenisimamisha ukingoni pale Newala, bonde la Ruvuma liko chini yetu, ukaninyooshea kidole: ng'ambo ile Msumbiji? Bibi akiteremka na ndoo, nilikuuliza mbona mvua inanyesha na huku juu hakuna kisima. Ukasema mchanga wetu una kiu. Kidato cha tatu mwalimu akalieleza hilohilo kipindi kizima: maji huzama chini sana, yakaja kutokea chemchemi kwenye miteremko. Nilicheka peke yangu.

Mwache mtoto asome. Bomba la gesi la kutoka Madimba hadi Dar halikupitishwa kwa kukisia. Sensa ya 2022, kabla ya kuhesabu watu, nchi ilikatwakatwa kwanza kwenye ramani. Na mwaka 2019, kimbunga Kenneth kilipokuja, waliotuhimiza tuhame mabondeni walikuwa wanasoma upepo, kama wewe ulivyokuwa ukiusoma alfajiri kabla ya kupuliza salfa. Kimbunga kikaangukia Cabo Delgado, huko Msumbiji. Wapo waliowacheka. Mimi sikucheka.

Ila siku ile ya mpaka! Mtendaji na wazee wamekaa, mimi na GPS yangu, nasoma namba kwa sauti kama risala. Mkorosho wa babu ukaenda kwa jirani. Hukubisha. Uliinama, ukaokota bibo, ukaikonyoa korosho, ukamwekea jirani kiganjani. Bibo ukabaki nalo. Heri ungenitukana.

Na uliniita mwenyewe, mjomba, ukitegemea nipime kindugu. Ningepindisha, nani angeniita tena kumpimia shamba? Nina watoto, nao wanakula kwa kazi hiyo.

Hata harusini kwangu hukuja.

Kuna neno sikulisema pale. Kifaa kile cha mkononi hukosea mita tatu, hata tano, na chini ya matawi huzidi. Mkorosho uko hatua nne tu kutoka kwenye mstari nilioutaja. Nililijua hilo huku nasoma namba, wazee wameshaanza kutikisa vichwa kwamba kijana kasoma.

Mwezi wa kumi na mbili nakuja na mashine ya wapimaji, ile ya miguu mitatu. Mwambie binti asiende popote, atanishikia fito.